Mwalimu Aliyetaka Asilimia Kumi

Wanaomsifu Mwalimu siku hizi humwita mama mpole. Hawakumjua. Mimi niliyemjua miaka mingi, kwanza kama mwanafunzi wake na baadaye kama jirani wa mtaa wa pili pale Kinondoni, namkumbuka akiwa amekasirika, na sioni sababu ya kumremba. Alikuwa mwanamke mfupi, mtu wa pwani hii hii, mwenye mtandio uliokuwa haukai kichwani kwa sababu alipoongea alitikisa kichwa kizima. Alikasirikia vijana waliochelewa. Alikasirikia magazeti yaliyoandika "utafiti umethibitisha". Mimi nilimpenda kwa hasira zile. Halafu likatokea jambo la Chang'ombe, na nikaonja mwenyewe ladha ya kukasirikiana naye.

Alifundisha takwimu kwenye chuo kimoja cha Temeke. Siku ya kwanza aliingia darasani na kuuliza, kabla hata ya kutaja jina lake, "Mkitaka kupima nadharia tete, mnatumia kiwango gani?"

Kijana wa mbele akajibu haraka. "Asilimia tano, Madam."

"Kwa nini?"

"Ndiyo inayotumika."

"Na nani?"

"Na kila mtu."

Akamwambia atoke nje akamtafute huyo Kila Mtu, amwulize sababu, kisha arudi. Tulidhani anatania. Kijana yule alisimama kwenye baraza mpaka kipindi kikaisha.

Sisi tuliobaki alituambia jambo ambalo kwenye vitabu lilikuwa limezikwa kwenye alama za Kigiriki. Alisema kiwango ni kosa unaloliridhia kabla hujaona chochote. Unaanza kwa kudhani kwamba hakuna kitu: dawa haifanyi kazi, mtuhumiwa hana hatia, mbolea haina faida. Kisha unaamua ni mara ngapi uko tayari kupiga kelele za mwizi na kumbe hakuna mwizi. Ukisema tano kwa mia, hiyo ndiyo tano yako. Ukiibana iwe moja, utawasingizia wachache zaidi, lakini wezi wa kweli watakaokupita nao wataongezeka. Hakuna namba inayokuokoa na makosa yote mawili kwa pamoja, labda uwe na watu wengi sana wa kuwapima.

"Kwa hiyo usiniambie kitabu kimesema tano," alisema. "Kitabu hakikai mtaani kwenu. Niambie ukikosea upande huu, nani analia. Na ukikosea upande ule, nani analia. Ukishajua hao watu wawili, ndipo uchague."

Nani analia. Alituchosha kwa swali hilo. Aliliuliza kwenye mitihani, kwenye kikao cha harusi cha mpwa wake, na hata kwa fundi bomba.

Watu walikuja kumwita kigeugeu, na jambo hilo lilianzia kwenye kesi moja ya pale chuoni. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa wachonga vinyago waliohamia kutoka kusini, alituhumiwa kunakili mtihani kwa kuwa majibu yake yalifanana mno na ya aliyekaa pembeni yake. Uongozi ukampa Mwalimu kazi ya kupiga hesabu, kama mfanano ule ungeweza kutokea kwa bahati tu. Kabla hajaiona karatasi yoyote alisema hatatumia tano. Atatumia moja kwa elfu. Mkuu wa idara akamwambia kwa kiwango hicho hawatamkamata mtu maisha yao yote. "Ndiyo," alijibu, "na akifukuzwa kwa kuonewa, anarudi kwao bila cheti na bila jina. Nyie mtakwenda kula chakula cha mchana." Mfanano haukufika huko. Kijana alibaki, akamaliza, na nijuavyo mimi huenda kweli alinakili. Mwalimu alilijua hilo pia na halikumnyima usingizi.

Lakini nyumbani kwake mtu huyo huyo hakuhitaji ushahidi wa kiasi chochote. Alimpenda au kumchukia mpangaji kwa jinsi alivyobisha hodi. Aliamini kwamba akiangalia mechi timu yake inafungwa, kwa hiyo siku za mechi alikaa uani na kuwaagiza watu wamletee habari. Nilipomwambia kwamba hajawahi hata kuhesabu, aliniambia niondoke uani kwake. Na siku moja bangili yake ya dhahabu ilipopotea alimfukuza dada wa kazi asubuhi hiyo hiyo, bila kumwuliza maswali mawili. Bangili ikaonekana baadaye ndani ya foronya. Alipanda gari mpaka Mbagala kumtafuta yule binti, akampata, na yule binti akakataa kurudi. Alikuwa na haki. Mwalimu alitusimulia darasani, amesimama, bila kujitetea. "Hilo ndilo kosa la kwanza, kumwita mwizi asiye mwizi," alisema. "Nimelifanya mie mwenyewe, na aliyelia namjua kwa jina." Kisha akafuta ubao kwa nguvu mpaka vumbi la chaki likatufikia sisi wa nyuma.

Sasa nifike Chang'ombe, maana huko ndiko hasira yangu inakokaa.

Kulikuwa na karakana iliyonunua betri za magari zilizokufa, ikazivunja na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo. Nyuma yake, ukuta kwa ukuta, kulikuwa na nyumba za kupanga. Vumbi la kijivu lilitua kwenye kamba za nguo na kwenye ndoo za maji, na watoto walilichezea. Akina mama walilalamika kwamba watoto wanaumwa matumbo, wanatapika, na wanasahau shuleni walichofundishwa jana. Ikaundwa kamati ya utafiti. Mwenyekiti alikuwa daktari mmoja mwenye sauti nzuri, mtu wa kuanza kila sentensi na "tuwe watulivu". Mwalimu, ambaye alikuwa ameshastaafu, aliitwa kwa ajili ya hesabu, naye akanichukua mimi niwasaidie kukusanya takwimu. Mpango ulikuwa mwepesi: kupima risasi kwenye damu ya watoto wa mtaa ule, na kuilinganisha na ya watoto wa mtaa mwingine wa Temeke ulio mbali na moshi.

Kwenye kikao cha kwanza Mwalimu alitaka mambo mawili. Watoto wengi zaidi, na kiwango cha asilimia kumi. Watoto wengi wakamnyima, wakisema maabara haitamudu. Kuhusu kiwango, mwenyekiti akatabasamu.

"Mwalimu, dunia nzima inatumia tano."

"Dunia nzima hailali nyuma ya ile karakana."

"Tuwe watulivu. Pale wanafanya kazi baba za watoto hao hao. Tukisema kuna sumu na kumbe hakuna, tumewakosesha kazi bure. Wewe si ndiye uliyemtetea yule mwanafunzi kwa moja kwa elfu? Leo unataka kumi?"

"Leo nataka kumi. Yule alikuwa peke yake, na rungu tulikuwa nalo sie. Hapa watoto ndio wanaopigwa. Baba akikosa kazi atatafuta nyingine, itamuuma, najua. Mtoto risasi ikishamharibu kichwa, hatatafuta kichwa kingine. Na kwa watoto wachache hivi mlivyonipa, mkiibana tano, sumu inaweza kuwepo na kipimo chetu kikapita pembeni yake bila kuiona."

Walipiga kura kwa mikono. Mkono wake ulibaki peke yake upande wa kumi, kwa sababu mimi sikuwa mjumbe. Aliketi. Alisema, "Haya, andikeni tano," na akafunga mkoba wake.

Nilipita nyumba hadi nyumba na mtaalamu wa kutoa damu. Wengi walitufungia milango. Mama mmoja, nimwite Mama Shadya, alitufungulia na kumpakata mwanawe wakati sindano inaingia. Mtoto hakulia, alitazama tu. Mumewe alikuwa akifanya kazi pale pale karakanani na alirudi amechoka, nguo zake zina rangi ya majivu.

"Majibu yakija utaniambia kweli, sista?" Mama Shadya aliniuliza.

Nikamwambia nitamwambia.

Majibu yalikuja. Watoto wa nyuma ya karakana walikuwa na risasi nyingi zaidi kuliko wenzao. Swali la hesabu lilikuwa kama tofauti ile ingeweza kuletwa na bahati tupu, kwa watoto wachache namna ile. Jibu likaangukia katikati: lilikuwa juu ya tano na chini ya kumi. Kwa kiwango alichokitaka Mwalimu, tumeiona sumu. Kwa kiwango walichokipigia kura, hatukuona kitu.

Nilikwenda kwake mchana ule ule. Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nimeshaona."

"Basi tuseme kumi. Ulisema kumi tangu siku ya kwanza. Ulikuwa sahihi wewe, wao wamekosea."

Hakuinua macho. "Nilisema kumi, nikashindwa. Tukaandika tano. Sasa damu imeshapimwa. Nikihamisha kiwango leo kwa sababu nimeona jibu, hicho si kiwango tena. Hapo ninachagua jibu."

"Lakini jibu ni la kweli."

"Unajuaje? Kwa sababu unalipenda? Mwenye karakana naye analo analolipenda. Mie nikihamisha leo kwenda juu, kesho yeye atamlipa mtu ahamishe kwenda chini, na hatutakuwa na mdomo wa kumkataza."

"Kwa hiyo watoto waendelee kuvuta ule moshi ili utaratibu wako usichafuke?"

Aliuweka ungo chini, mchele ukamwagika ukingoni. "Usinitie maneno mdomoni," alisema, na sauti yake ilikuwa ile aliyomtolea nje yule kijana siku ya kwanza darasani. "Unadhani silali na hao watoto kichwani? Toka. Toka kabla sijasema jambo."

Nilitoka. Mpaka naandika haya naweza kuutetea upande wake mbele ya darasa lolote, neno kwa neno, na bado tumboni sijaukubali.

Mkutano wa wakazi ulifanyika kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa, turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa. Mwenyekiti wa kamati alisimama na kusoma. Aliwashukuru watu kwa utulivu wao. Kisha akasema, "Utafiti umeonyesha kwamba karakana haina madhara kwa afya za watoto wenu. Ni salama."

Mwalimu alikuwa mstari wa mbele. Aliinuka bila kuomba nafasi.

"Hayo siyo tuliyoyapata," alisema.

Mwenyekiti akamwomba akae.

"Sikai. Tulichopata ni kwamba watoto wa hapa wana risasi zaidi, ila tuliwapima wachache mno, na kwa kipimo tulichokubaliana hatuwezi kuapa kwamba si bahati. Kushindwa kuapa si sawa na kusema ni salama. Mtu akipapasa gizani asimguse nyoka, haji kukwambia chumba hakina nyoka. Soma tena, na usome tulichoandika."

Vijana wa karakana waliokuwa wamesimama nyuma wakaanza kuzomea. Mmoja wao, fundi mrefu mwenye kofia, akasema kwa sauti, "Bi mkubwa, unataka tukale kwako? Wewe pensheni yako inaingia." Watu wakacheka. Mwalimu alimtazama. Lilikuwa neno la kweli, na niliona kwamba limemfika.

Mama Shadya akanyoosha mkono. Hakumtazama mwenyekiti. "Mie sijasoma hizo asilimia," alisema. "Nauliza tu. Mwanangu mzima au mgonjwa?"

"Sijui," Mwalimu alijibu. "Na huyu naye hajui. Tofauti yetu ni kwamba mie nimekwambia."

"Sasa nifanyeje?"

"Kamati ndiyo inayohitaji asilimia ili iseme. Wewe huhitaji. Ukihama na kumbe palikuwa salama, umepata tabu ya kuhama. Ukibaki na kumbe si salama, umempoteza mtoto taratibu huku unamwangalia. Ningekuwa mie, ningehama."

Mwenyekiti akafunga mkutano. Wiki ile Mwalimu akaondolewa kwenye kamati, wakisema amezusha taharuki. Taharuki. Watoto wanatapika, na taharuki ni ya bibi kizee aliyesimama akasema hajui.

Mama Shadya alihamia Pugu kwa dada yake na mtoto. Mumewe alibaki na kazi yake, akawa anakwenda kuwaona siku za mapumziko, na ndoa ikalegea kwa sababu ya hilo. Nyumba nyingine zilibaki. Waliobaki waliambiwa ni salama na mtu mwenye shati lililopigwa pasi, na kodi ya pale ilikuwa nafuu. Mtu gani angewalaumu?

Mimi sikwenda tena kwa Mwalimu. Tulikutana dukani tukasalimiana kama watu waliofiwa na mtu mmoja. Muda ulipita, mrefu wa kutosha watoto waliokuwa wakitambaa nyuma ya karakana waanze shule. Ndipo wakaja watafiti wengine, wenye maabara yao, wakapima watoto wengi mara nyingi zaidi ya sisi. Tofauti ilionekana waziwazi hata kwa kile kiwango cha moja kwa elfu. Karakana ikafunga geti, na mitambo ikapakiwa kwenye malori kuelekea pembezoni zaidi mwa jiji, kwa watu wengine ambao damu yao haijapimwa. Yule mwenyekiti nilimsikia redioni akisema kamati yake ilikuwa ya kwanza kutoa tahadhari. Nilizima redio, nikakaa jikoni mpaka maharage yakaungua.

Niliposikia Mwalimu anaumwa miguu na hatoki, nilikwenda. Nilitegemea kumkuta kitandani. Nilimkuta sebuleni, miguu imewekwa juu ya stuli, na pembeni yake kwenye mkeka binti wa kama darasa la tatu, na kitabu cha kusomea cha watoto wa darasa la kwanza.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Ulikuwa umesusa."

"Nilikuwa nimesusa."

"Ulikuwa na haki ya kukasirika. Haki ya kuninyima salamu ya Idi hukuwa nayo." Alimgeukia mtoto. "Endelea, mama."

Mtoto alisoma neno moja, taratibu, kidole kikifuata herufi. Alilipata. Akafika mstari wa pili, neno lile lile likamkuta tena, naye akalitazama kama mgeni. Mwalimu akamtamkia. Nilingoja ule ukali niliouzoea. Haukuja.

Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba huyo ni binti wa yule fundi mwenye kofia, aliyemzomea mkutanoni. Alikuja na mkewe, karakana ilipohama bila kumchukua, akasimama mlangoni akashindwa kusema alichokijia. Mkewe ndiye aliyesema kwamba mtoto hashiki kusoma. Sasa humleta mtoto kila alasiri na kumfuata jioni.

"Ni ile risasi?" niliuliza.

"Sijui. Kwa watoto mia naweza kukwambia kitu. Kwa huyu mmoja hakuna hesabu. Labda angekuwa hivi hata angezaliwa Pugu. Baba yake ananiuliza kila siku, na kila siku namjibu hivyo, na kila siku anaondoka akiwa ameumia."

Nikamwuliza lile nililokuwa nalo kifuani muda wote. Kama siku zingerudi nyuma, angehamisha kiwango?

"Nisingehamisha. Baada ya kuona jibu, hapana. Ila siku ile ya kura ndiyo ninayoiota. Niliinua mkono, nikashindwa, nikasema andikeni tano, nikafunga mkoba. Pale ndipo nilipotakiwa kugombana. Pale namba ilikuwa bado haina mtu ndani yake. Nilipaswa kugoma, nilale kwenye ule mlango wasitoke mpaka waniongezee watoto. Hasira zangu zote nilizihifadhi kwa ajili ya mkutano, wakati mambo yalikuwa yameshakwisha."

Nilitaka kumwambia kwamba wangemtoa tu wakaendelea. Sikusema, kwa sababu asingekubali, na kwa sababu sikuwa na hakika.

"Bibi," mtoto aliuliza, "hili neno gani?"

Lilikuwa neno lile lile. Mwalimu akainama kadiri miguu yake ilivyomruhusu, akamtamkia polepole, kama mtu anayeulizwa kwa mara ya kwanza. Mtoto akalirudia, akafurahi, akafungua ukurasa mwingine. Mimi nikageuka kutazama dirishani, maana hasira ilikuwa imenipanda tena, na nilijua sasa kwamba haikuwa juu ya Mwalimu.